Tatu na Kidogo

Ninyi wasichana wa kikundi cha ushonaji, na ninyi wavulana wawili mlioingia mwaka huu mnaocheka kila mtu anapotaja sidiria, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Nilisoma mpaka darasa la tatu huko Fizi, Kongo, kisha baba akasema inatosha. Basi mkikuta kosa la herufi, lipiteni. Mkikuta kosa la kipimo, njooni mniambie, maana hilo ndilo linaloharibu kitambaa.

Nataka kuwaeleza habari ya herufi moja. Mmeiona shuleni. Ina nguzo mbili na paa juu yake, kama kibanda cha kuuzia nyanya. Mwalimu anaiita pai na anasema ni ya Wagiriki. Mimi niliijua kazi yake miaka mingi kabla ya kuiona sura yake, na kwa sababu niliijua nusu nusu, nilinyang'anywa mkasi kwa miaka kumi na sita.

Kwanza mwelewe mkasi ni nini. Kikundi chetu hapa Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kilianza na cherehani nne na mkasi mkubwa mmoja. Ukishona vibaya unafumua. Ukikata vibaya, umekata. Kwa hiyo mwenye mkasi ndiye anayepima, ndiye anayechora, ndiye mteja anayemtafuta kwa macho akiingia mlangoni, na ndiye anayekalia kiti chenye mgongo. Wengine wanakaa kwenye benchi. Mkasi wenyewe nilitoka nao Kongo mwaka 1996, nimeufunga kwenye kitenge mgongoni fasi ambayo wengine walifunga mtoto. Mtoto wangu Amani alikuwa mkubwa, akatembea mwenyewe. Tulipoanzisha kikundi niliutoa uwe wa wote. Ukishatoa kitu kwa kikundi, hakirudi kuwa chako kwa sababu umekasirika. Hilo nilikuja kulijua vizuri.

Mwaka wetu wa tatu hapa, korali ya bamama ilialikwa kuimba Mbarara, kwenye kanisa moja la kule Kamukuzi. Kiongozi wa korali alikuwa Mama Sifa, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha ushonaji. Sauti yake ilikuwa nzito na mwili wake pia. Akasema korali itavaa sketi za duara, zile zinazofunguka mtu akigeuka. Mpaka siku ile nilikuwa nimekata sketi za kunyooka tu, na za marinda.

Sketi ya duara, kwa ambaye hajaikata: unakunja kitambaa mara nne, unachora ukingo wa chini, na kwenye ile kona ya mkunjo unatoboa tundu la kiuno. Tabu iko kwenye tundu. Kiuno unakijua kwa kuzungusha tepu, lakini ili uchore tundu lazima ujue upana wake, kutoka ukingo huu mpaka ule. Sasa ukiwa na kiuno cha sabini na mbili, upana wa tundu ni ngapi? Sikujua. Nililala na swali hilo siku tatu.

Jumapili pasta akahubiri juu ya beseni kubwa ya shaba ya hekalu la zamani. Akasema upana wake ulikuwa mikono kumi, na kuizunguka ilikuwa mikono thelathini. Wenzangu walisema amina kwa ajili ya utukufu. Mimi nilisema amina kwa ajili ya sketi. Tatu! Unagawa kwa tatu. Jumatatu asubuhi nikachukua mkasi.

Mama Sifa alisimama juu yangu nikichora. "Mama Amani, uko na hakika?"

"Hekalu lilitengenezwa kwa kipimo hiki," nikamwambia. "Sketi yako ndiyo itashinda hekalu?"

Nikakata kumi na sita. Sikujaribu hata moja kwanza. Niliona kwamba kupima tena kitu kilichosemwa madhabahuni ni kukosa adabu. Hilo ndilo kosa, lishikeni. Kitambaa cha mkanda hakikutosha, kwa hiyo kiunoni nilikunja pindo tu nikaweka kifungo. Walipovaa wakasimama wima hapa nyumbani, zilikaa. Zililegea vidole viwili hivi, nikasema ni nafasi ya kupumua.

Lakini tundu la mviringo hutanuka likivaliwa. Mpaka tumefika Mbarara vidole viwili vilikuwa kiganja. Wimbo wa kwanza ulipita. Wimbo wa pili una mahali pa kuinua mikono yote miwili kumshukuru Mungu. Waliinua. Sketi ya Mama Sifa ikashuka mpaka magotini, na chini yake kulikuwa na kitenge, maana yeye ni mwanamke anayejipanga. Wengine wakaona, wakashusha mkono wa kushoto haraka wakashika kiuno. Wakaimba hivyo mpaka mwisho, mkono mmoja mbinguni, mmoja kiunoni. Watu wa Mbarara walipiga makofi sana. Mwaka uliofuata nilisikia korali moja ya Biharwe inaimba ikishika kiuno upande wa kushoto.

Tuliporudi, kikao kilikuwa kifupi.

"Mukasi, leta," Mama Sifa akasema.

Nikaleta.

"Utashona. Kukata, hapana. Mupaka utuambie ni nini ilitokea."

"Niligawa kwa tatu."

"Na tatu ilikufanya nini?"

Nikahama kutoka kwenye kiti nikaenda kwenye benchi. Mama Sifa akakalia kiti.

Nilishona vifungo. Nilishona pindo za sare za shule. Wateja waliokuwa wanasema "namtaka Mama Amani" wakaanza kusema "yule mwenye mkasi", na macho yao yalinipita kama upepo. Sikulia. Niliamua kutafuta kile ambacho tatu haikuniambia, maana mwanamke ameniwekea sharti mbele ya watu, na sharti ni mlango.

Nikaanza kwa Mzee Bonifasi, Mrundi mmoja aliyekuwa anatengeneza makopo ya uji kwa bati za mafuta ya msaada. Kopo ni duara, nikasema huyu lazima anajua.

"Muzee, bati ya kuzunguka kopo unaikata urefu gani?"

"Upana wa kitako mara tatu, naongeza kidole."

"Kidole ni cha pindo?"

"Pindo ni lingine. Kidole ni kidole."

"Kwa nini kidole?"

Akanitazama kama mtu anayehurumia. "Kwa sababu bila kidole, mama, uji unatoka."

Nikaenda kwa Tumwine, fundi wa baiskeli kule Kabingo, Munyankore mpole mwenye mikono myeusi ya grisi. Yeye hukata mkanda wa mpira wa kufunika vichwa vya spoku ndani ya ringi, ili tyubu isitobolewe. Nikamuuliza urefu.

"Nyabo," akasema, maana ndivyo wenyeji wa huku wanavyomwita mama, "pima ringi katikati, weka mara tatu, halafu ongeza kiganja."

"Kiganja? Mzee Bonifasi anasema kidole."

"Huyo mzee anatengeneza baiskeli?"

"Makopo."

"Basi aende na makopo yake."

Baadaye akaja fundi wa kujenga matangi ya maji ya mvua, yale ya duara ya matofali, upana mita mbili na nusu. Nikamuuliza matofali ya mstari mmoja anayahesabuje. Akasema tatu, halafu akakunja ngumi, akanionyesha kutoka kiwiko mpaka kwenye ngumi. "Na hii," akasema.

Kila mwanaume alikuwa ananionyesha sehemu ya mwili wake. Nikaamua kwamba kila kazi ina siri yake, na siri ya sketi hakuna aliyeniachia. Nikarudi kwenye vifungo. Pasta nilimuuliza pia, siku moja baada ya ibada, kwa nini ile beseni haikuwa na kidole wala kiganja. Akafunga miwani yake kwenye kasha. "Mama," akasema, "fundi aliyeitengeneza alijua. Ila aliyeandika hakuwa fundi." Nilimheshimu zaidi tangu siku ile.

Miaka ikaenda. Amani akaoa, wakazaa Neema, na Neema, anayeniita koko kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi, akakua mpaka akaingia sekondari. Jioni moja niko nje nachambua maharagwe, naona mtoto amekusanya vyombo vyangu vyote vya duara: sahani, sufuria, kifuniko cha ndoo, kopo la Mzee Bonifasi. Amechukua tepu yangu bila ruhusa na anaandika namba.

"Nani alikwambia uguse tepu?"

"Mwalimu, koko. Ametuambia tupime vitu vya nyumbani. Mzunguko, halafu upana, halafu tugawe."

"Mwalimu huyo akuletee tepu yake."

"Koko, angalia lakini. Sahani, tatu na kidogo. Sufuria, tatu na kidogo. Kifuniko, vilevile. Yote inatoka moja!" Akanionyesha daftari, na hapo juu ya namba zote ndipo nilipokiona kile kibanda cha nyanya kwa mara ya kwanza. "Hii ndiyo jina lake."

"Na kidogo ni ngapi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeacha maharagwe.

"Kama upana ukiugawa mafungu saba, kidogo ni fungu moja. Karibu kabisa."

Nikamwambia ageuze kopo. Upana wa kitako, sentimita kumi na mbili na nusu. Mafungu saba. Fungu moja nikalilinganisha na kidole changu, likalingana. Jirani alikuwa na baiskeli imelazwa, tukapima ringi. Fungu la saba: kiganja. Halafu nikamwambia apige hesabu ya tangi la mita mbili na nusu. Akaandika, akasema sentimita thelathini na tano na kitu. Nikakunja ngumi, nikaweka tepu kutoka kiwiko.

Nikakaa chini. Mguu ulikuwa unaniuma.

Wale wanaume watatu walikuwa wananiambia kitu kimoja. Kidogo kinakua pamoja na duara. Na sketi zangu, kwa kugawa kwa tatu tupu bila kidogo, zilipata tundu pana kuliko kiuno. Kila mmoja alikuwa na duara la kazi yake tu, kwa hiyo aliona kidogo cha saizi moja, akakipa jina la kiungo chake. Hakuna aliyekaa na mwenzake kuuliza. Wagiriki walikaa, inaonekana, wakakipa herufi. Neema ameniambia tangu hapo kwamba herufi hiyo haitulii kwenye duara. Wa umeme wanayo katika hesabu zao. Ikiandikwa kubwa inaamuru mstari mzima wa namba uzidishwe. Na mwalimu wa uchumi anaiandika kumaanisha faida. Nikamwambia kwa maana hiyo sijawahi kuonana nayo.

Sasa kujua si kurudishiwa mkasi. Ningemwambia Mama Sifa nini, kwamba mtoto amepima sufuria? Nikangoja kazi ya duara.

Ikaja. Shule moja ya kule Kabingo ilikuwa na tangi la matofali lisilo na kifuniko. Mbuzi alikuwa ameangukia ndani, na walijua siku ya tatu, kutokana na chai. Wakatuma turubai moja na ujumbe kwa simu: tushone kifuniko cha duara chenye ukanda wa kushuka pembeni na kamba ya kufungia, upana wa tangi ni mita mbili na nusu. Turubai moja, hakuna nyingine. Ukanda ukipungua, panabaki mwanya, na shule ina watoto wadogo kuliko mbuzi.

Mama Sifa alitandaza turubai uani. Akapima ukanda mita saba na nusu, akaongeza kidole. Kumbe na yeye alikuwa amepita kwa Mzee Bonifasi. Akashika mkasi.

"Mama Sifa, usikate," nikasema kutoka kwenye benchi.

Wanawake wote wakaacha kukanyaga cherehani.

"Bado hekalu?" akaniuliza. Wakacheka. Mimi pia ningecheka kama ningekuwa wao.

"Kidole ni cha kopo. Hili ni tangi. Linataka kutoka hapa mpaka hapa." Nikamwonyesha kiwiko na ngumi.

"Nani anasema?"

"Neema anasema. Na Wagiriki."

"Ba Wagiriki banaishi wapi hapa Nakivale? Zone gani?" Wakacheka tena. Halafu akaacha kucheka. "Mama Amani, ulinivua nguo mbele ya watu wa Mbarara. Nilinyamaza miaka kumi na sita. Ikiwa umekosea tena?"

"Natoka kwenye kikundi. Leo. Hata benchi naacha."

"Na nikiwa nimekosea mimi?"

"Unajua ninachotaka."

Akatazama mkasi mkononi mwake. Hakusema ndiyo. Akasema, "Onyesha."

Nikamtuma mtu amwite Neema, akaja na sare ya shule bado mwilini. Mtoto akapigilia kijiti uani, akafunga kamba ya mita moja na robo, akazunguka nayo akichora udongo kwa msumari. Likatoka duara safi la mita mbili na nusu, ukubwa wa tangi lenyewe. Jambo la dakika tano. Ningeweza kulifanya kwa kijiti na uzi kwa ajili ya zile sketi, nisimwaibishe mtu. Nililiona hilo palepale na sikumwambia mtu yeyote mpaka leo ninapoliandika.

Mama Sifa akakata kamba kwa kipimo chake: saba na nusu na kidole. Akainama mwenyewe, mwili ule wote, akaipanga juu ya mstari taratibu, akiibana kwa mawe isikimbie. Alizunguka mpaka alikoanzia. Kamba ikaisha kabla ya kufika. Mwanya ukabaki, na kuku wake mwenyewe akapita katikati akaingia ndani ya duara, akasimama.

Nikapiga magoti, nikalaza mkono wangu kwenye mwanya. Ngumi iligusa mwanzo wa kamba, na kiwiko kilipita mwisho wake kwa kidole kimoja. Kidole hicho ndicho Mama Sifa alichokuwa ameongeza.

Kisha Neema akapima kamba yake, mita saba na sentimita themanini na tano, akaizungusha. Ncha zikakutana.

"Basi tukate hivyo," akasema, anataka sifa.

"Na pindo?" nikamuuliza.

"Pindo gani, koko?"

"Ukanda unaungana na nini, na mate?" Mwalimu wake wa hesabu hajawahi kushona. Nikaongeza sentimita kumi na mbili za maungio. Hilo lishikeni pia: daftari halijui pindo, na pindo halijui herufi.

Mama Sifa aliinuka, akafuta udongo magotini. Akaja akanipa mkasi, upande wa vishikio mbele, kama anavyopewa mtu mzima. "Unataka kunolewa," akasema. "Mimi sikuweza." Akaenda akakaa kwenye benchi. Akasogea kidogo ili mwenzetu Mama Riziki apate fasi. Sikukalia kiti siku ile. Nilikata nimepiga magoti, nimechora kwa kipande cha sabuni kavu, maana chaki haishiki kwenye turubai. Mita ya kwanza nilikata polepole, kisha mikono ikakumbuka.

Kifuniko kilikwenda Kabingo na kikakaa. Yule mama mtunza stoo wa shule alipiga simu: "Nyabo, imeingia yote, imefunga kabisa, hata nzi hapana!" Mbuzi wanaopita juu yake wanapita kwa usalama.

Lakini nataka kumalizia jioni ile ya uani. Nilipofunga kazi nilimwuliza Neema kama ataweza kunipigia hesabu ya tundu za kiuno, saizi zote, nibandike ukutani. Akasema ataweza, ila si leo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema maji. Asubuhi madumu mawili kabla ya shule, jioni mawili, na daftari analifungua macho yakiwa yameshaanza kufumba. Zile sufuria alizipima siku ambayo bomba lilikuwa limekauka, akapata nafasi. Alisema bila kulalamika, kama anavyosema mtu habari ya mvua. Mimi ndiye niliyepanga kazi za nyumba ile. Nilikuwa nimempangia maji tangu ana miaka saba, kwa sababu ni msichana, na sikupima tena.

Tukaenda nyumbani pamoja. Mkwe wangu alikuwa hajatoka shambani. Mwanangu Amani, baba yake Neema, alikuwa ameketi mlangoni anasikiliza mpira kwenye redio, miguu ameiweka juu ya dumu tupu.

"Shikamoo mama. Mumechelewa."

Nikamnyang'anya Neema kidumu alichokuwa ameshaanza kukiokota, nikamwelekeza ndani kwenye meza. Kisha nikasema, kwa sauti ya kufika kwa majirani:

"Amani, ondoa miguu hapo. Kuanzia leo maji ya nyumba hii unachota wewe, asubuhi na jioni, mpaka huyu mtoto amalize shule. Na redio iache, mikono yote miwili itakuwa na kazi."